Mashamba pori na mapagale ya Arusha

Mashamba pori ni mashamba makubwa yenye hati ambayo wenyewe wameacha kuyalima mpaka yakaota vichaka. Pagale (wingi: mapagale) ni nyumba iliyoachwa kabla ya kumalizika, au iliyohamwa ikabaki kuta tu. Yote mawili huonekana katika Jiji la Arusha na kuzunguka Mlima Meru, Tanzania. Serikali ina mamlaka juu yake kwa kuwa ardhi yote nchini ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini. Mwenye hati ana haki ya kuitumia tu, tena kwa masharti.

Historia

Suala hili lina uzito wa pekee Meru kwa sababu ya uhaba wa ardhi. Tangu wakati wa Wajerumani, mashamba ya walowezi yalienea kwenye miteremko ya chini, na juu kukawa na msitu wa hifadhi. Wameru na Waarusha walibanwa katikati na migomba yao. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walitwaa mashamba ya Wajerumani kama mali ya adui. Wangeweza kuyarudisha kwa wenyeji, lakini mengi yaliuzwa kwa walowezi wengine. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha wafugaji wa Kizungu, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alipeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa. Wanakijiji wanaotazama shamba lililojaa magugu ng'ambo ya ua wanaikumbuka historia hiyo.

Sheria

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inataja dalili za kutelekeza: kodi ya ardhi kutolipwa kwa miaka 2 au zaidi, mmiliki kuondoka nchini bila kuacha msimamizi, au jengo kuchakaa hadi kuwa hatari kwa anayeishi ndani. Kwa ardhi ya kijiji, Sheria Na. 5 ya mwaka huohuo inataka ipite miaka 5 bila matumizi, na kupumzisha shamba ili lirutubike huhesabiwa kuwa ni matumizi.

Afisa ardhi hukagua, mmiliki hupewa ilani na nafasi ya kujitetea, kisha Kamishna wa Ardhi hupeleka mapendekezo. Anayefuta hati ni Rais. Mkuu wa wilaya hana uwezo huo, hata akitangaza mkutanoni na kupigiwa makofi. Wanaovamia shamba kabla ya hati kufutwa hawapati haki kwa uvamizi wao, na hapo ndipo ugomvi mwingi huanzia. Mmiliki aliyefutiwa hulipwa fidia ya maendelezo yaliyopo.

Si kila shamba pori limeachwa kwa uvivu. Karibu na jiji, ardhi hupanda bei hata isipolimwa, na hati yake huweza kuwekwa benki kama dhamana. Marekebisho ya mwaka 2018 yanamtaka anayekopa kwa dhamana ya ardhi isiyoendelezwa atumie mkopo huo kuiendeleza.

Mjini

Majengo hatarishi husimamiwa na halmashauri ya jiji, kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Inaweza kumwamuru mwenye nyumba asafishe, akarabati au abomoe. Ugumu mkubwa ni mirathi: ndugu wakigombana bila kuteua msimamizi mahakamani, halmashauri haina wa kumkabidhi barua, na pagale huendelea kuwa maficho ya vibaka na jalala la mtaa.

Serikali yenyewe imekuwa miongoni mwa wamiliki wa mali iliyolala. Kiwanda cha matairi cha General Tyre, ambacho ilikuwa na hisa nyingi, kilisimama mwishoni mwa miaka ya 2000. Kiwanda cha nguo cha Kiltex kilikuwa kimenyamaza kabla yake.