Mpagazi Asiyeonekana: Kutoka Tembe la Kwihara hadi Chanjo ya Malaria

Mwaka 1871, ndani ya tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, Henry Morton Stanley alilala siku nyingi akiweweseka kwa homa. Mwaka uliofuata alirudi hapo kutoka Ujiji akiwa na David Livingstone, kisha akashika njia ya pwani. Livingstone alibaki hadi Agosti akisubiri watu na mizigo. Leo tembe hilo ni makumbusho, na wengi wanaoingia humo huwakumbuka wazungu hao wawili. Mimi humkumbuka mpagazi aliyewabebea dawa.

Dawa yenyewe ilikuwa kwinini. Gome la mti wa sinkona lilibanduliwa kwenye milima ya Andes, Amerika Kusini, likasafishwa Ulaya, likavuka bahari hadi Unguja, likateremshwa Bagamoyo. Kutoka hapo, njia ya kufika Unyanyembe, eneo la Tabora, ilikuwa bega la mtu. Mnyamwezi alijitwika mzigo wa kilo 30 na zaidi, akatembea karibu miezi mitatu, akapita Ugogo ambako misafara ililipishwa hongo, yaani ushuru wa kupita. Mpagazi akipotea, dawa nayo imepotea. Mwaka 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, watu waliomtoroka Livingstone waliondoka na sanduku lake la dawa, naye akajiona amehukumiwa kifo.

Kwa hiyo historia ya kupambana na malaria katika nchi yetu ni historia ya wabebaji pia. Na katika miaka hii amepatikana mbebaji mpya, mdogo kiasi kwamba jicho haliwezi kumwona.

Twende Lusu, wilayani Nzega. Nzega inajulikana kwa dhahabu. Mgodi wa Golden Pride ulichimbwa huko kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990. Lakini dhahabu ina kazi nyingine ambayo wachache huifikiria. Mtoto mwenye homa akitobolewa kidole zahanati, tone la damu huwekwa kwenye kipimo cha haraka cha malaria, na baada ya dakika chache huonekana mistari myekundu. Wekundu ule kwa kawaida hautokani na damu. Unatokana na chembe za dhahabu zenye upana wa makumi ya nanomita, na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kila chembe imebebeshwa kingamwili, silaha ileile ambayo mwili hutengeneza kumtambua adui. Kingamwili ikikamata protini ya kimelea, dhahabu hukusanyika mahali pamoja na mstari hutokea.

Kwenye chanjo, chembe ndogo hubeba mzigo mzito zaidi. Mwaka 1987 wanasayansi nchini Ubelgiji na Marekani walianza kutengeneza chanjo iliyoitwa RTS,S. Tatizo lao lilikuwa hili: kipande cha protini ya kimelea cha malaria, kikiingia mwilini peke yake, kinga hukipuuza. Wakakiunganisha na protini ya virusi vya homa ya ini aina ya B, ambayo hujikusanya yenyewe kuwa chembe za nanomita 20 hivi. Chembe hiyo haina uhai wala haiambukizi, lakini umbo lake ni kama la kirusi. Ni ndogo vya kutosha kupenya hadi kwenye tezi za limfu, na imejaa alama za adui kiasi kwamba askari wa mwili huamka.

Pamoja nayo huwekwa kichocheo cha kinga, na hapo Amerika Kusini inarudi tena. Sehemu ya kichocheo hicho hutoka kwenye gome la mti wa Chile uitwao kwilaya. Kitu hicho cha gome kikiwa peke yake huunguza na kupasua chembe nyekundu za damu. Kikifungwa ndani ya viputo vidogo vya mafuta hutulia, kikabaki na nguvu ya kuiamsha kinga. Mbebaji, basi, huutuliza mzigo wake.

Na chanjo hii ilijaribiwa wapi? Bagamoyo, palepale misafara ilipoanzia, kupitia Taasisi ya Afya Ifakara, na vilevile Korogwe. Kati ya 2009 na 2014 watoto 15,459 wa nchi 7 za Afrika walishiriki. Waliochanjwa wakiwa na miezi 5 hadi 17, wakapata dozi 4, walipungukiwa malaria kwa asilimia 36 katika miaka minne. Ndugu yake, R21, ilijaribiwa pia Bagamoyo na Kilifi nchini Kenya, na katika kundi la vituo lililojumuisha hivyo viwili ilipunguza malaria kwa asilimia 68 mwaka wa kwanza. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza matumizi ya RTS,S Oktoba 2021 na ya R21 Oktoba 2023.

Hata hivyo chembe hiyo haijui njia. Ili ifike kwenye paja la mtoto wa Lusu, lazima isafiri kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, kwa ndege, gari, pikipiki na boksi la barafu. Kisha mama lazima amfunge mwanawe mgongoni na kwenda kliniki mara nne. Unyamwezi ililisha njia ya pwani kwa mabega ya watu wake. Mama huyo ndiye mpagazi wa mwisho, na asipofikiwa, safari yote kutoka Chile hadi Bagamoyo itakuwa imeishia njiani.