Mpira wa bure uliisha lini?



Siku hizi kwetu Fizi neno "akademi" limeingia hata mahali ambapo hakuna uwanja wenye nyasi. Mzazi anaombwa makuta ya kuandikisha mtoto, makuta ya kila mwezi, ya jezi, ya viatu, na siku ya mechi Baraka ao Uvira, ya transpoo. Wengi wanaona ni kawaida: kitu kizuri kinalipiwa. Mimi nilisomea kilimo, si historia, lakini nilitaka kujua kama ilikuwa hivyo tangu zamani. Haikuwa hivyo. Kwa miaka mingi ya mpira wa Kongo, mtoto na mzazi wake hawakuwa wao wenye kulipa. Kulikuwa mtu mwingine wa kulipa, na kila mmoja alikuwa na sababu yake. Mzazi kupewa fakture ni jambo la juzi juzi.

Wa kwanza kulipa walikuwa mapadri. Raphaël de la Kethulle, mmisionari Mbelgiji wa Scheut, alifika Léopoldville (Kinshasa ya leo) mwaka 1917. Alijenga shule, alianzisha vyama vya michezo, na watu walimwita Tata Raphaël. Uwanja mkubwa uliofunguliwa 1952 kwa jina la Mfalme Baudouin, baadaye ukaitwa 20 Mai, leo unabeba jina lake. Njo uwanja ule ule ambapo Ali alimpiga Foreman mwaka 1974. Kule Katanga, Wabenedikto wa Institut Saint-Boniface walianzisha ekipe mwaka 1939 na kuiita Saint-Georges. Baadaye ikachukua jina la Englebert, kampuni ya mipira ya gari, na leo tunaijua kama Tout Puissant Mazembe.

Tusidanganyane: mapadri na kampuni hawakulipa juu ya upendo tu. Kampuni ya migodi, Union Minière, ilitaka mfanyakazi akae na familia yake kambini, asirudi kijijini, asinywe sana, asianze siasa. Mpira wa Jumapili mchana ulisaidia. Mkoloni alinunua utulivu, na mtoto wa mfanyakazi akapata mpira wa ngozi bila kutoa hata franga. Bei ilikuwepo, ila haikuandikwa kwenye karatasi ya mzazi.

Na wachezaji wakatoka kweli. Léon Mokuna alisaini Sporting ya Lisbon mwaka 1954, kisha akaenda Gent ya Ubelgiji 1957. Mwaka huo huo Paul Bonga Bonga akaingia Standard de Liège. Wakati ule hapakuwa na kanuni ya dunia nzima inayosema klabu ya mtaani iliyomlea mchezaji irudishiwe kitu. Kumbukeni jambo hili, nitalirudia.

Kisha ikaja serikali. Mobutu aliwarudisha nyumbani wachezaji waliokuwa Ubelgiji, na hakutaka waondoke tena. Kwa matokeo, huwezi kumbishia: Kombe la Afrika 1968 kule Addis Ababa, bao 1-0 mbele ya Ghana, Englebert bingwa wa klabu za Afrika 1967 na 1968, Kombe la Afrika tena 1974 kule Misri, ambapo Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika shindano moja, rekodi ambayo haijavunjwa mpaka leo. Miezi michache baadaye, Kombe la Dunia kule Ujerumani ya Magharibi: 2-0 na Uskoti, 9-0 na Yugoslavia, 3-0 na Brazil. Watu wanacheka ile 9-0. Wachezaji wenyewe walisimulia baadaye kwamba walikuwa wanadai prime zao na hawakuona kitu. Aliyekuwa analipa njo alikuwa anaamua kama analipa. Ndaye, na mabao yake yote, alimalizia maisha Afrika ya Kusini akiwa mkimbizi na maskini. Alifariki mwaka 2019.

Huku kwetu kando ya ziwa hatukuwa na Union Minière wala jicho la Raisi. Mpira ulikuwa wa shule na wa kanisa, na ule wa sasheti zilizofungwa na kamba, ambao kila mmoja wetu aliucheza bila viatu. Mwaka 1996 vita ikaingia, na familia nyingi za Fizi zikavuka ziwa kwenda Tanzania, ndiyo maana rika langu lina watu wengi waliokulia kambi ya Nyarugusu.

Sasa tufike kwenye miaka ambayo naiona njo kiini cha mambo yote: kati ya 1990 na 1993. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka, na Gécamines, mrithi wa Union Minière, ikaanguka nao. Uporaji wa Septemba 1991 na Januari 1993 ukamaliza maduka na viwanda. Serikali haikuweza tena kulipa walimu. Ndipo wazazi wakaanza kutoa "prime" ya mwalimu ili shule zisifungwe. Ilisemwa ni ya muda mfupi tu. Ilidumu zaidi ya miaka 25, mpaka elimu ya msingi ya bure ilipotangazwa mwaka wa masomo 2019, na sekondari bado tunalipa minervali. Kizazi chetu chote kilisoma kwa prime. Tulifukuzwa darasani kwa prime. Tukazoea kwamba kila kitu cha mtoto ni cha mzazi kulipa: mwalimu, chaki, mtihani wa Taifa. Akademi ya mpira ilipokuja na fakture yake, ilikuta mzazi amekwisha kufundishwa kulipa.

Lakini lile neno lenyewe lilitoka wapi? Abidjan. Mwaka 1993, Mfaransa Jean-Marc Guillou alianza akademi ya klabu ya ASEC Mimosas. Watoto walichaguliwa kwa majaribio, wakalala pale, wakala pale, wakasoma pale, bila mzazi kutoa kitu. Kolo Touré na ndugu yake Yaya, Salomon Kalou, Gervinho, wote walipita pale. Mahesabu yalikuwa ya mkulima hodari: unagharamia mbegu na palizi mwenyewe, kisha unauza mavuno Ulaya. Unaweza kusema ni biashara ya watoto, na kuna waliosema hivyo. Lakini hasara ya mtoto asiyefaulu ilikuwa ya akademi, si ya mama yake. Mazembe nayo, chini ya Moïse Katumbi, ilifungua akademi yake Lubumbashi mwaka 2012, wakati tayari ilikuwa imecheza fainali ya dunia ya vilabu 2010 na Inter ya Milan.

Kilichotokea baada ya hapo ni kama kwenye soko la mbegu. Mbegu nzuri ikitoka na jina, kesho yake unakuta gunia lenye jina lile lile, ndani mna kitu kingine. Neno "akademi" lilipata sifa pale ambapo mtoto hakulipa. Leo linatumiwa mahali mtoto analipa ili acheze, na akiacha kulipa anaacha kucheza. Sisemi wote ni wadanganyifu. Najua makocha wanaofundisha kwa moyo, wananunua mipira kwa mfuko wao, na wanaomba kidogo juu hawana mfadhili. Lakini hatari imehama. Aliyekuwa anabeba hasara alikuwa tajiri. Sasa ni muuza ndagala.

Na hapa niruhusuni niongee kama mtu wa kilimo. Malipo ya kila mwezi yanamfaa mtu wa mshahara wa kila mwezi. Kwetu mihogo inakaa ardhini karibu mwaka ao zaidi, na mozaiki ikiipiga, hata huo mwaka ni bure. Uvuvi wa ndagala kwa taa unategemea giza: mbalamwezi ikiwa kubwa, mitumbwi inabaki pwani. Kwa hiyo kila mwezi kuna siku ambazo nyumbani hakuna makuta, si kwa uvivu bali kwa mbingu. Kocha akisema "tarehe 5 kila mtu alete", mzazi anafanya nini? Anakopa. Ao anauza mihogo ikiwa bado michanga, kwa bei ya kutupa. Ao anachukua kwenye minervali ya dada yake yule mcheza mpira. Hili la mwisho linaniuma zaidi, juu akademi nyingi ni za wavulana, na ni mara chache msichana anaulizwa.

Kuna njia nyingine, na si ya kufikirika. Kule Nairobi, mwaka 1987, chama cha Mathare Youth Sports Association kilianza katika mitaa ya maskini kabisa. Ekipe inapata pointi kwenye ligi si kwa kushinda tu, bali pia kwa kusafisha mitaro na kuondoa takataka mtaani. Vijana wanaojitolea kufundisha na kuongoza wanapata msaada wa karo ya shule. Yaani mpira unalipia shule, kinyume kabisa na sisi. Na usifikiri ni mchezo wa huruma tu: kutoka pale ilizaliwa Mathare United, bingwa wa Kenya 2008.

Turudi kwenye ile kanuni ambayo Mokuna hakuikuta. Tangu 2001, FIFA inataka mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya bei igawanywe kwa vilabu vilivyomlea kati ya miaka 12 na 23. Kwa kila mwaka kati ya 12 na 15 ni asilimia 0.25 ya bei. Kuanzia 16 ni 0.5. Fanyeni hesabu: kijana aliyecheza kwetu miaka minne, toka 12 mpaka 15, akiuzwa siku moja kwa dola 1,000,000, klabu yake ya utotoni inastahili dola 10,000. Kwa Lweba hiyo ni mipira na jezi za miaka mingi bila kumuomba mama yeyote hata franga 500.

Kanuni hizo hizo za 2001 zinakataza kumhamisha mchezaji nchi nyingine kabla ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache. Kwa hiyo mtu akija kwako akisema "nipe dola kadhaa, nimpeleke mtoto wako wa miaka 15 kwenye majaribio Ulaya", jua kwamba anachouza kimekatazwa. Kule Ufaransa kuna chama, Culture Foot Solidaire, kilichoanzishwa na Mkameruni Jean-Claude Mbvoumin, mchezaji wa zamani, kwa ajili ya vijana wa Afrika waliopelekwa hivyo na kuachwa barabarani.

Sasa zile dola 10,000 zinaenda kwa nani? Kwa klabu iliyo ndani ya shirikisho, kwetu FECOFA kupitia entente zake, na iliyomwandikisha mchezaji kwa miaka ile. Haziendi kwa mzazi, hata kama njo yeye alilipa kila mwezi. Haziendi kwa akademi isiyoandikishwa popote. Mama wa Lweba amegharamia mbegu, na jina lake haliko kwenye hesabu ya mavuno. Jina la kijiji lingeweza kuwepo, kama ekipe yetu ingekuwa na karatasi, na mtoto naye angekuwa na yake. Ya mtoto inaanza na akti ya kuzaliwa, ambayo Etat inaitoa bure ndani ya siku 90. Siku hizo zikipita, inabidi kwenda tribinali kutafuta hukumu badala ya ile akti, na pale mzazi anaombwa makuta tena.