Kabla hujachangia busta ya netiweki, pima kwanza

Leo siyo siasa wala mpira. Kuna kitu kinatuuma wengi huku Handeni na Korogwe, nacho ni netiweki. Nenda Kwaluguru umuulize mtu sehemu ya kupigia simu, atakuonyesha mwembe upi unashika na kichuguu kipi hakishiki. Halafu siku moja anatokea jamaa na boksi la busta, anawaambia changeni mtaongea mpaka chumbani. Mnachanga, linafungwa juu ya bati, taa ya kijani inawaka, netiweki ile ile. Hivi kuna aliyepima kabla? Hakuna. Sasa nawawekea hapa namna ya kupima mawimbi wenyewe, kwa kuanzia na simu uliyonayo, halafu vifaa ambavyo zamani vilikuwa vya maabara tu.

SIMU YAKO
Sahau vile vijiti vya netiweki. Kila kampuni ya simu inavichora inavyotaka, vijiti vitatu kwenye simu yako vinaweza kuwa viwili kwenye ya mwenzako mkiwa mmekaa benchi moja. Kwenye Android nyingi ingia Mipangilio, Kuhusu simu, Hali ya SIM. Utaona namba hasi ikifuatiwa na dBm, mfano -97 dBm. Sifuri ya kipimo hiki ni miliwati moja, na namba ikizidi kuwa hasi mawimbi yanazidi kuwa dhaifu. Kila desibeli 3 ni mara mbili, kila desibeli 10 ni mara kumi. Kwa hiyo mwenye -70 anapata mawimbi yenye nguvu mara 1000 kuliko mwenye -100. Siyo tofauti ndogo hiyo!

Angalizo: usilinganishe 2G na 4G. Kwenye 2G ukifika -100 uko ukingoni, simu inakata. Kwenye 4G namba inayoonyeshwa inapimwa kwa njia nyingine, -100 bado unafungua kurasa, shida inaanza ukikaribia -115 na kuendelea.

Na usipime mara moja ukaondoka. Wimbi la 900 MHz lina urefu wa sentimita 33 hivi, kwa hiyo ukisogea nusu hatua tu namba inaweza kuruka, maana mawimbi yanayogonga bati, ukuta na kilima yanakutana na kufutana. Pima sehemu tano ndani ya hatua chache, geuka pande zote (mwili wako wenyewe unaziba), kisha chukua namba ya katikati. Andika kwenye daftari mahali, saa, 2G au 4G, na mtandao gani.

KIDUDE CHA USB
Hiki ndicho kilichonifanya nipende haya mambo. Mwaka 2012 watu wa programu huria waligundua kwamba vile vidude vya USB vya kuangalizia TV, vyenye chipu ya RTL2832U, vinaweza kutoa mawimbi mabichi kwenda kwenye kompyuta. Ghafla kidude cha bei ya kutupa kikawa redio inayosikia kuanzia 24 MHz hadi 1.7 GHz hivi. Wanakiita RTL-SDR. Ukikichomeka na kufungua programu kama SDR# au GQRX, unaona mawimbi kama milima kwenye kioo. Kila stesheni ya FM ni mlima wake.

Wengine huku walikinunua wakidhani watapata TV bila king'amuzi. Hakifanyi kazi hiyo kwetu. Chipu ile inasoma DVB-T, na nchi za SADC zilichagua DVB-T2 mwaka 2010. Tanga ilizimiwa analojia mapema 2013, sasa ukikitafutia TV utaambulia mlima usiofunguka.

Udhaifu wake ni mbili. Kwanza kinaona kipande cha 2.4 MHz tu kwa wakati mmoja, wakati FM peke yake ni kuanzia 88 hadi 108. Pili ni kizito wa masikio, ukikaa karibu na mnara wa FM kinazidiwa na kuonyesha milima ya uongo. Ujanja: punguza geni. Mlima wa kweli utapungua taratibu, wa uongo utaporomoka au kupotea kabisa. Kingine, namba zake siyo dBm halisi, ni za kulinganisha tu. Yaani kinaweza kukwambia antena hii imeizidi ile kwa desibeli 6, na kwa kazi yetu hiyo inatosha sana.

Wa kafe mnajua tatizo, kompyuta za pale zimefungwa, huwezi kuweka draiva. Tumia simu ya Android yenye waya wa OTG, au omba mwenye kafe kwa adabu.

KIPIMA ANTENA
Hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo. NanoVNA ni kidubwasha cha kushika mkononi, kilibuniwa na Mjapani na kikasambaa kutoka China 2019, bei yake kwa kawaida ni chini ya dola 100. Mashine za maabara za kazi hiyo ni maelfu ya dola. Kinatuma wimbi kwenye antena na kupima kiasi gani kinarudi. Toleo la kwanza linafika 900 MHz, ila juu ya 300 usahihi unashuka.

Kabla ya yote lazima ukisawazishe kwa vile vifuniko vitatu vinavyokuja nacho: wazi, fupi na cha omu 50. Usawazishe mwisho wa waya, pale antena inapofungwa, siyo kwenye kifaa. Mimi mara ya kwanza niliruka hatua hii nikasifia antena mbovu wiki nzima.

Unasoma SWR. 1 ni kamili, 2 inavumilika, juu ya 3 kuna tatizo. Lakini SWR nzuri siyo antena nzuri! Kile kifuniko cha omu 50 kinatoa SWR ya 1 na hakirushi chochote, kinageuza kila kitu kuwa joto. Vivyo hivyo waya mrefu na mbovu unakula wimbi likienda, unakula tena likirudi, kifaa kinaona hakijarudi kitu na kinakusifia.

Sasa tuje kwenye waya. Wale jamaa wa busta wengi wanafunga RG-58, ule mweusi mwembamba. Kwa 900 MHz mita 10 zinakula karibu desibeli 5, yaani zaidi ya theluthi mbili ya wimbi imeishia njiani. Waya wa dishi la TV, RG-6, mita hizo hizo unakula kama desibeli 2. Watu watasema ule ni omu 75 na vifaa ni omu 50, haviendani. Ni kweli haviendani, ila hasara ya kutoendana kwa kiungo kimoja ni asilimia 4 tu. Kwa antena ya kupokea, mabaki ya waya wa dishi yanaushinda ule wa kununua. Hii wengi hawaamini mpaka wapime.

BODI ZA KUJARIBIA
Bodi za ESP8266 zilitoka 2014, ESP32 ikafuata 2016, zote za Espressif wa Shanghai, zina WiFi ndani na zinasoma nguvu ya mawimbi bila kifaa kingine. Kwa umbali mrefu kuna LoRa, inayotuma maneno machache kwa nguvu kidogo mno. Afrika Mashariki kazi ya namna hii ilishafanyika: mradi wa WIMEA-ICT ulianza 2013 ukiwaunganisha Makerere, Juba, DIT ya Dar es Salaam na Bergen ya Norway, wakajenga vituo vya hali ya hewa vya bei ndogo vinavyotuma vipimo kwa redio.

Ukipata bodi ya LoRa usiiwashe bila antena, unaweza kuua chipu. Antena ya waya unaikata mwenyewe: gawa 300 kwa MHz upate urefu wa wimbi kwa mita, kisha robo yake. Kwa 868 MHz ni sentimita 8.6, kwa 433 ni 17.3. Kata ndefu kidogo, punguza taratibu ukiangalia NanoVNA.

Huku kwetu adui ni kilima, siyo umbali. Mwaka 2007 Ermanno Pietrosemoli na wenzake Venezuela walirusha WiFi kilomita 382, kutoka mlimani, njia ikiwa wazi. Kutoka juu Usambara unaiona nchi yote chini, ndiyo sababu minara inapandishwa kule. Ila kuona kwa macho hakutoshi. Kwa kilomita 10 za WiFi ya 2.4 GHz unahitaji nafasi tupu ya kama mita 17 kuzunguka mstari wa katikati, miti isiingie.

SHERIA, KWA UFUPI
Kurusha mawimbi kunasimamiwa na TCRA chini ya sheria ya mawasiliano ya 2010. Kunasa mawasiliano ya watu ni kosa. Na busta ya kichochoroni ikisikia antena yake yenyewe inaanza kupiga kelele kwenye masafa ya mnara, kijiji kizima kinakosa netiweki kwa ajili ya nyumba moja.

Sasa turudi kwenye lile daftari. Kama juu ya bati kabisa unapata -110 ya 2G, busta haina cha kukuza, mwacheni jamaa na boksi lake. Mnachohitaji ni mnara, na minara ya vijijini kuna Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulioanzishwa kwa sheria ya 2006 kwa kazi hiyo. Barua ya "netiweki mbaya" na barua yenye jedwali la vipimo vya sehemu 20, mitandao yote, imepitia serikali ya kijiji, siyo barua moja. Kama chini ni -105 na juu ya bati ni -80, mna bahati, tatizo ni bati na waya.

Wa Kwaluguru, Mkata, Segera na Mombo, wekeni vipimo vyenu hapo chini kwenye maoni: kijiji, mtandao, 2G au 4G, dBm chini na dBm juu. Vikifika vya kutosha navipanga kwenye ramani.