Kisigino

Katika miaka yangu yote ya kufundisha Kinole sikuona ulingo wa ngumi. Tulikuwa na uwanja wa mpira ulioinamia upande mmoja, migomba, minanasi, mikarafuu, na njia za miguu zinazopanda kama ngazi. Mtu anayetafuta historia ya ngumi angeupita mlima huu bila kugeuza shingo. Lakini ni hapa nilipoijua sehemu moja ya historia hiyo, tena kwa kuchelewa, na gharama yake aliilipa mtu mwingine.

Aliyenifundisha mchezo huu nikiwa kijana alikuwa mzee mmoja aliyepigana Burma katika jeshi la K.A.R. Jeshi lile lililea mabondia wengi. Idi Amin wa Uganda, kabla dunia haijamfahamu kwa mambo mengine, alikuwa askari wa K.A.R. na bingwa wa ngumi wa nchi yake katika miaka ya 1950. Mzee wetu alifundisha ngumi kama gwaride. “Kita mguu!” ndiyo amri yake, na kisigino kilichoinuka alikigonga kwa fimbo. Aliamini kwamba mtu aliyekita nyayo zote mbili hawezi kuangushwa, nami nilimwamini, maana alikuwa mzee na alikuwa ameona vita.

Baadaye, nikisoma habari za mchezo wenyewe, niliona kwamba imani hiyo ina asili yake. Waingereza wa zamani walipigana ngumi kavu nje, juu ya majani, na wengi walivaa viatu vyenye misumari chini ili wasiteleze. Mguu wenye misumari hukita vizuri, ila haugeuki kwa urahisi. Mwaka 1867 zilitolewa kanuni zinazojulikana kwa jina la Queensberry. Kila mtu hukumbuka kwamba zilileta glovu na raundi za dakika tatu. Wachache hukumbuka kwamba zilikataza pia viatu vya misumari. Kwa maoni yangu, katazo hilo dogo liliubadilisha mchezo kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa unyayo sasa uliweza kuzunguka. Tarehe 7 Septemba 1892, huko New Orleans, James Corbett, mtu mwepesi wa miguu, alimwangusha John L. Sullivan, mwenye nguvu aliyeogopwa Marekani nzima, katika raundi ya 21. Sullivan alikuwa akimfuata mtu ambaye kila mara ameshaondoka.

Nieleze kidogo jambo lenyewe. Bondia anayetumia mkono wa kulia hutanguliza mguu wa kushoto. Akipiga konde la kulia, kisigino cha nyuma huinuka na kugeukia nje, unyayo ukizunguka kwa sehemu yake ya mbele, kama mtu anayezima kipande cha sigara. Goti hufuata, nyonga hufuata goti, bega hufuata nyonga, na ngumi huja mwisho, imebeba uzito wa mwili mzima. Katika ngumi ya kushoto ya kuzungusha, mara nyingi ni mguu wa mbele unaogeuka, ingawa hapo walimu hawakubaliani, wengine hutaka ubaki chini. Na ukizidisha kuzunguka unapoteza mizani, ukabaki umempa mwenzako ubavu.

Mwanamke wa Kinole anayeshuka mlima na mkungu wa ndizi kichwani hayo yote anayafanya kila siku. Penye kona hageuki kwa kisigino. Nilimwona mama yangu, nikawaona dada zangu, na sikuona kitu.

Mwaka 1970 nilikuwa chuo cha ualimu. Mwezi Julai redio ilitangaza kwamba Titus Simba amepata medali ya fedha katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, uzito wa kati. Aliyemshinda kwenye fainali alikuwa John Conteh wa Uingereza, ambaye mwaka 1974 alikuja kuwa bingwa wa dunia. Tulishangilia bwenini mpaka mwalimu wa zamu akaja na tochi. Mwaka ule ule wa 1974, tarehe 30 Oktoba, Muhammad Ali alimwangusha George Foreman mjini Kinshasa katika raundi ya nane, na wavulana wote wa shule yangu wakataka kuwa Ali. Wakaniomba niwafundishe. Nikawafundisha nilichofundishwa.

Mvulana mmoja alikuwa na haraka kuliko wenzake. Kisigino chake kilikuwa kikiinuka chenyewe, bila kuambiwa, nami nilikuwa nikikigonga kwa rula. Akatii. Siku moja, mvua ikiwa imenyesha asubuhi, alirusha konde la kulia kwa nguvu zake zote, miguu mitupu, unyayo umezama katika udongo mwekundu. Nyonga ikageuka, mguu ukabaki. Goti ndilo lililolipa tofauti. Nilisikia mlio wake kabla ya kilio. Tulimshusha kwa machela ya miti hadi barabarani, akapelekwa Morogoro mjini kwa lori la ndizi.

Hakulaumu. Mama yake pia hakunilaumu, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Mlimani kwetu mtu asiyeweza kushuka na mzigo ni nusu ya mkulima, naye tangu siku ile ametembea kwa fimbo. Nilipandishwa cheo, nikawa mwalimu mkuu, nikastaafu. Sikufundisha ngumi tena.

Wakati huo huo nchi iliendelea kupata mabondia. Michael Yombayomba alileta dhahabu ya Madola kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998. Francis Cheka, wa Morogoro yetu hii, alimshinda Mmarekani Phil Williams mjini Dar es Salaam mwezi Agosti 2013. Hassan Mwakinyo wa Tanga alimmaliza Sam Eggington mjini Birmingham Septemba 2018, katika raundi ya pili tu. Watu wakishangilia ngumi zao, mimi hutazama chini. Mjukuu wangu hudhani nimesinzia mbele ya televisheni.

Mwaka jana yule mwanafunzi wangu alikuja barazani kwangu na kijana wa miaka kumi na minne, mtoto wa dada yake. Kwa sisi Waluguru mjomba ana sauti kwa mpwa wake, basi sikushangaa kwamba ni yeye aliyemleta.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Goti linasemaje?”

“Linatabiri mvua tu. Mwalimu, huyu anataka ngumi. Nimemwambia hapandi gari kwenda mjini kutafuta klabu mpaka wewe umwone kwanza.”

Nikamwambia siwezi, yeye anajua kwa nini. Akasema anajua, ndiyo maana hakumpeleka kwa mtu mwingine. Tukakaa kimya, kijana akitutazama. Kisha nikamwambia avue ndara, asimame kwenye sementi, arushe konde la kulia polepole. Kisigino kikainuka. Mjomba wake akaegemea fimbo, akainama kukitazama, nami pia nikainama.