Tangazo la mchezo Kasulu na Kibondo: kutoka ngoma hadi ubao wa chaki

Bango la mchezo hupimwa kwa muda ambao mpita njia huchukua kulitazama. Katika hatua tatu au nne za kupita kwake ni lazima ajue nini kinachezwa, wapi, saa ngapi na kiingilio ni kiasi gani. Likimpa hayo, limefaulu. Katika nyanda za juu za Kigoma, kazi hiyo imefanywa kwa ngoma, kwa mdomo, kwa karatasi ya manila, kwa chaki na siku hizi kwa turubai la plastiki. Ni sanaa kamili, ingawa mara chache imehesabiwa hivyo, kwa kuwa vitu vyake havidumu. Chaki hufutwa, na manila hulowa.

Bango la kuchapwa lilizaliwa Ulaya. Mwishoni mwa karne ya 18, Mjerumani Alois Senefelder aligundua namna ya kuchapa kwa jiwe lililochorwa kwa mafuta, na karne iliyofuata Jules Chéret wa Paris akaitumia njia hiyo kuchapa mabango makubwa ya rangi. Mwaka 1895 kuta za Paris zilibandikwa bango la tamthilia ya Gismonda, lililochorwa na Alphonse Mucha kwa ajili ya mwigizaji Sarah Bernhardt. Lilikuwa refu na jembamba, na mwigizaji alichorwa karibu kwa kimo cha mtu. Afrika Mashariki ilianza kuyazoea mabango ya namna hiyo kupitia sinema. Unguja ilikuwa na jumba la Royal tangu mwaka 1921, na Dar es Salaam ikafuata kwa majumba yake. Kutoka pwani, reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, lakini haikupanda milimani. Kasulu na Kibondo zilibaki mbali na majumba ya sinema, na mbali na mitambo ya kuchapa.

Hazikubaki bila matangazo. Kasulu ilikuwa kitovu cha ufalme wa Heru, na Kibondo ilikuwa nchi ya Muhambwe, jina ambalo bado ni la jimbo la uchaguzi. Katika falme hizo za Waha ngoma ilikuwa alama ya utawala wa mwami, yaani mfalme, na mlio wake uliita watu. Vijiji vilikuwa vimetawanyika vilimani, kila mji na migomba yake, hivyo sauti ndiyo iliyoweza kuvuka bonde. Hata kama karatasi ingekuwepo, pa kuibandika ili wengi waione hapakuwepo.

Mahali hapo palipatikana mwaka 1972, ilipoanza Operesheni Kigoma. Kaya zilihamishwa kutoka vilimani zikapangwa kandokando ya barabara, kila kijiji na shule yake na ofisi yake. Uhamisho ule uliwaumiza wengi, na hilo lisifichwe. Lakini ulileta kitu ambacho bango haliwezi kuishi bila hicho, yaani njia moja ambayo watu wote huipita. Wakati huohuo walipatikana wasomaji. Mwaka 1967, kati ya watu wazima 100 nchini, 67 hawakujua kusoma. Kufikia 1975 kampeni ya elimu ya watu wazima ilikuwa imeishusha idadi hiyo hadi 39.

Jukwaa la miaka hiyo lilikuwa la shule na la chama. Mshairi Mathias Mnyampala alikuwa ameeneza ngonjera, na vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA vilitoka kuanzia 1970. Tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ilichapishwa 1969 ikaingia madarasani. Siku ya kufunga shule au sikukuu ya kitaifa wanafunzi walicheza vichekesho, ngonjera na ngoma, na kabla ya siku hiyo mwalimu au mwanafunzi mwenye mkono mzuri alipewa manila.

Namna ya kuiandika manila inajulikana na kila aliyesoma shule za enzi hizo. Kwanza mistari hupigwa kwa penseli na rula, hafifu kiasi cha kufutika. Herufi kubwa hukatwa kwa wembe kwenye boksi gumu, boksi likawekwa juu ya manila, na rangi ikagongwagongwa kwa kitambaa kupitia matundu. Mkono ukiwa mzito rangi hupenya chini ya ukingo na herufi huota ndevu. Jina la mchezo huenda juu na tarehe chini. Katikati huachwa nafasi ya picha, au huachwa wazi kabisa, na mara nyingi uwazi huo ndio uzuri wa bango, maana jicho hupata pa kupumzika. Gundi ilikuwa uji mzito wa unga wa muhogo. Kiangazi bango lilifunikwa na vumbi jekundu, na masika lilikaa siku mbili tu.

Wakimbizi walileta sura nyingine. Warundi waliingia kwa wingi 1972 na tena 1993, na Wakongo walifunguliwa kambi ya Nyarugusu, Kasulu, mwaka 1996. Mashirika yalitumia maigizo kufundisha usafi na kinga ya ukimwi, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika la FilmAid lilionyesha filamu usiku, uwanjani, kwenye skrini kubwa. Kiha na Kirundi husikilizana, lakini wengi wa Wakongo walikuja na Kiswahili chao na Kifaransa cha shuleni. Mahali penye lugha nyingi hivyo picha hutangulia maneno, na kipaza sauti humalizia.

Nje ya kambi, aliyelitawala tangazo kwa miaka mingi ni mwenye banda la video, ambalo watu huliita kibanda umiza kwa sababu ya mabenchi yake. Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994 tu, na umeme ulikuwa adimu. Jenereta, deki na chumba cha udongo vilitosha kuwa jumba la sinema. Filamu za Hong Kong, India na Marekani zilipewa sauti ya Kiswahili na watafsiri kama Lufufu. Kisha zikaja za nyumbani: Girlfriend ya George Tyson mwaka 2003, na baadaye zile za Steven Kanumba.

Nje ya banda huegemezwa ubao. Ni kipande cha plaiwudi kilichopakwa weusi, na weusi huo aghalabu ni unga wa betri chakavu uliosagwa, kama ubao wa darasani. Kila asubuhi hupanguswa kwa kitambaa kibichi na kuandikwa upya. Mwandishi hana nafasi ya kupoteza, kwa hiyo hupanga kwa uzito: jina la mwigizaji huandikwa kubwa kuliko la filamu, kwa kuwa mtazamaji humfuata nyota kabla ya kuifuata hadithi. Mtafsiri hufuata, kisha saa, kisha kiingilio ndani ya duara. Siku ya mpira, majina ya timu mbili huandikwa pande mbili na katikati hubaki saa peke yake. Paris ya Chéret ilipanga hivyohivyo. Jina la nyota ndilo lililouza tiketi.

Sasa steshenari za mjini huchapa turubai la plastiki lenye picha, na tangazo lingine hutumwa kwa simu. Turubai hustahimili mvua, na hilo ni jema. Lakini mengi hujazwa sura kumi na rangi saba hadi saa ya onyesho ikapotea, kosa ambalo mwandishi wa chaki hakuweza kulifanya kwa udogo wa ubao wake. Huenda yupo mwalimu mstaafu Kasulu au Kibondo ambaye bado ana manila moja nyuma ya kabati. Aipige picha, aandike mwaka na jina la mchezo, na aikabidhi shule yake kabla mchwa hawajaifikia.