Meja Aliyerudi Kuwa Askofu

Mhariri aliponiomba niandike ukurasa wa historia wa toleo hili, alinidokeza kwamba angependa habari za mapadre waliokwenda vitani wakarudi. Nadhani alitazamia habari za Ulaya, maana huko ndiko vitabu vyetu vya shule vilikotupeleka sote. Nitaanzia huko, lakini sitakaa.

Katika Vita Kuu ya Kwanza kila jeshi la Ulaya lilikuwa na mapadre wake. Kwa Waingereza aliyejulikana kuliko wote ni Studdert Kennedy, ambaye askari walimpa jina la utani la "Woodbine Willie" kwa sababu ya sigara za Woodbine alizokuwa akiwagawia mahandakini. Mwaka 1917 alipata nishani ya Military Cross kwa ushujaa. Mwanzoni aliwahimiza vijana wajiandikishe. Baada ya vita alirudi parokiani kwake Worcester, lakini hakuweza kutulia. Akazunguka Uingereza yote akihubiri juu ya unyonge wa wafanyakazi na kuvilaani vita, mpaka akafa mjini Liverpool mwaka 1929, mtu wa miaka 45 tu. Huyo ana vitabu vingi na hanihitaji mimi.

Ninayetaka kumweleza alikuwa wa huku kwetu. Wazee waliosoma katika shule za Misheni ya Vyuo Vikuu, yaani UMCA, walilijua jina lake kabla ya kulijua la gavana. Frank Weston alifika Unguja mwaka 1898, padre kijana kutoka Oxford. Mwaka 1901 akawa mkuu wa chuo cha Mt. Andrea Kiungani, chuo kile ambacho baadaye kilihamia Minaki. Alifundisha hapo miaka saba, na mwaka 1908 akawekwa kuwa Askofu wa Zanzibar. Ninyi vijana mlio madarasani hivi leo mtanisamehe nikisema kwamba alikuwa mwalimu kwanza, askofu baadaye. Alijua majina ya wanafunzi wake, na hilo lina maana katika yale yanayofuata.

Kwa sheria za jeshi hakuwa padre wa kikosi. Alikwenda vitani na cheo cha Meja, na ilikuwaje askofu akawa Meja, tuione kidogo.

Dayosisi yake ilikuwa imepasuliwa na mpaka. Unguja na Pemba zilikuwa chini ya Mwingereza. Magila, Korogwe na Masasi zilikuwa chini ya Mjerumani. Vita vilipoanza Agosti 1914, askofu alijikuta ng'ambo moja ya bahari na sehemu kubwa ya kundi lake ng'ambo ya pili. Wamisionari wake wa Kizungu walikusanywa wakawekwa kizuizini Kiboriani karibu na Mpwapwa, kisha Tabora, ambako walikaa mpaka mji ulipotekwa na majeshi ya Wabelgiji Septemba 1916. Walimu wa Kiafrika wa misheni hawakupata hata kizuizi cha namna ile. Wako waliofungwa minyororo kwa kushukiwa kuwa wapelelezi wa Mwingereza.

Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yakaanza kushuka pwani ya bara, na jeshi likataka wapagazi kutoka Unguja. Hapo Weston akaunda Kikosi cha Wapagazi cha Zanzibar, akakiongoza mwenyewe. Watu wake walibeba mizigo katika mapigano ya pwani, upande wa Bagamoyo na Dar es Salaam, mji ambao uliangukia mikononi mwa Waingereza tarehe 4 Septemba 1916.

Inafaa msomaji aelewe kwa nini mpagazi alikuwa na thamani kuliko bunduki. Reli zilikuwa mbili tu, ya Tanga na ya Kati. Barabara za magari zilikuwa chache, na mvua ikinyesha hazikuwapo kabisa. Farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa mbung'o. Basi kila risasi, kila debe la unga na kila sanduku la dawa lilipanda kichwani mwa mtu. Sasa fanyeni hesabu, kama tulivyokuwa tukifanya hesabu za mafungu darasani. Mtu hubeba ratili 60. Akila ratili 2 za unga kwa siku, katika siku 30 amekwisha kuula mzigo wake wote, na askari aliyeko mbele hajapata hata punje. Kwa hiyo lazima nyuma yake awepo mpagazi wa kumbebea mpagazi, na nyuma ya huyo mwingine. Ndivyo jeshi la askari maelfu machache lilivyokuja kuhitaji watu malaki.

Upande wa Waingereza, tangu mwanzo hata mwisho wa vita, waliandikwa wapagazi wapatao milioni moja. Kwa hesabu za serikali yenyewe walikufa karibu laki moja, na wanahistoria wengi huona kuwa hesabu hiyo ni ndogo. Risasi iliwaua wachache. Waliuawa na kuhara damu, malaria, baridi ya vilimani, na unga wa mahindi uliopikwa nusunusu na kulishwa watu waliozoea ndizi au wali.

Weston alirudi kwake salama. Alitajwa katika taarifa za jeshi, akapewa nishani ya OBE, akavua magwanda na kuvaa tena kanzu. Jambo la kuangalia ni jinsi alivyoyapokea maisha ya kila siku. Kazi ilimngoja: makanisa yaliyofungwa, shule zisizo na madaftari, walimu waliotoka kifungoni wakiwa wamedhoofika, watoto wa kipaimara wa miaka miwili kwa mpigo. Kisha mwaka 1918 ukaja ugonjwa wa mafua yaliyoua watu dunia nzima. Mtu mwingine angejizika katika kazi hizo na kusahau. Yeye alizifanya, lakini usiku aliandika.

Kitabu cha kwanza alikitoa mwaka 1918, katika umbo la barua ya wazi kwa Jenerali Smuts, kikiitwa The Black Slaves of Prussia. Humo alieleza ukatili wa Wajerumani kwa watu wa koloni lao: viboko, minyororo na kazi ya lazima, akitaka nchi hii isirudishwe kwao kamwe. Waingereza walikifurahia. Mimi nakisoma kwa moyo wa pande mbili. Aliyoyasema ya Mjerumani yalikuwa na ushahidi, tena kwa watu wake mwenyewe. Lakini mwaka ule ule wapagazi wa Mwingereza walikuwa wakiendelea kufa njiani kuelekea kusini, na kidole cha askofu kilielekea upande mmoja tu. Ni rahisi kumshitaki adui vita vikiwa bado motoni.

Halafu ukaja mwaka 1919. Huko Nairobi Gavana Northey alitaka vibarua kwa ajili ya mashamba ya walowezi, na tarehe 23 Oktoba ukatoka waraka uliowaamuru maofisa wa serikali "kuwatia moyo" Waafrika waende kufanya kazi. Machifu na wazee wa vijiji walitakiwa kusaidia, na majina ya waliosaidia na wasiosaidia yaandikwe. Hata wanawake na watoto waliokaa karibu na mashamba walitajwa. Aliyeutia sahihi waraka huo ni John Ainsworth, Kamishna Mkuu wa mambo ya Waafrika. Msomaji akumbuke jina hilo: ndiye yule yule ambaye mwaka 1917 alipewa kazi ya kuwakusanya wapagazi wa vita katika Kenya nzima. Vita vilikwisha, mkono wa kukusanya watu ukabaki.

Maaskofu wa Mombasa na Uganda, pamoja na Dakta Arthur wa misheni ya Waskoti, waliandika kuulalamikia waraka. Lakini lalamiko lao lilikuwa na kasoro kubwa. Waliogopa kwamba "kutia moyo" kungegeuka kuwa shuruti ya kichinichini, wakaona afadhali shuruti iwe wazi, ya kisheria, yenye mipaka, iliyo mikononi mwa serikali. Nadhani walisema kwa nia njema. Walikuwa watu wa kamati.

Weston hakukubali. Mwaka 1920 alitoa kitabu cha pili, The Serfs of Great Britain. Hata jina lake lilikuwa pacha wa lile la kwanza: kule watumwa wa Prussia, hapa watwana wa Uingereza. Hoja yake ilikuwa fupi. Kumlazimisha mtu afanye kazi kwa faida ya mwingine ni dhambi, na sheria haiifanyi kuwa halali. Mwingereza alikuwa amepigana kwa jina la uhuru wa wanyonge. Sasa alikuwa akifanya lile lile alilomlaumu Mjerumani kulifanya.

Kwa maoni yangu kitabu hiki cha pili kisingeandikwa na askofu aliyekaa vita vyote nyumbani Unguja. Wenzake wale wa bara walikuwa watu wema kama yeye, tena walizijua taabu za watu wao. Tofauti ni kwamba Weston alikuwa amewahi kusimama mbele ya mstari wa watu waliopangwa kwa mizigo, akawaamuru waende. Kuona shuruti ni jambo moja, kuwa mshika kijiti wake ni jingine. Hakuweza tena kuiita jina zuri. Na mtu aliyelipenda taifa lake kiasi cha kulivalia sare alikuwa na haki ya kulikaripia ambayo mpinzani wa kawaida hakupewa.

Kelele hizo, pamoja na za wengine kule London ambao sina nafasi ya kuwaeleza, zilifika katika Baraza la Malordi mwaka 1920. Septemba 1921 Churchill, aliyekuwa waziri wa makoloni, akatuma maagizo kwamba maofisa wa serikali wasitumike tena kuwatafutia walowezi vibarua. Haukuwa ushindi mzima. Kipande kilibaki shingoni, kodi ya kichwa ilibaki, na Machi 1922 watu walipigwa risasi Nairobi walipodai Harry Thuku aachiliwe. Kazi ya lazima kwa ajili ya serikali yenyewe nayo iliendelea. Lakini waraka wa 1919 ulikuwa umevunjwa meno.

Mwaka 1923 Weston alikwenda London, akawaambia Wakristo waliojaa ukumbini wa Albert Hall kwamba heshima wanayoitoa altareni ni bure wasipomhurumia maskini aliye mtaani. Mwaka uliofuata, tarehe 2 Novemba 1924, alifariki huko Hegongo, karibu na Magila, akiwa na miaka 53.

Nimalizie na wapagazi, maana ndio waliomrudisha vile. Mishahara ya wengi waliokufa, ambao jamaa zao hawakupatikana au hawakutafutwa, ilibaki serikalini, na ugomvi juu ya fedha hizo uliendelea miaka mingi. Makaburi yao hayakuandikwa majina. Mwezi Aprili 2021, zaidi ya miaka mia baadaye, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba Waafrika na Waasia wengi waliokufa katika vita vile hawakupewa kumbukumbu sawa na Wazungu.

Dar es Salaam kambi ya wapagazi imetuachia jina la Kariakoo, ambalo ni Carrier Corps katika ndimi zetu, na Nairobi wanalo lao. Sanamu ya askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 inaelekeza singe yake upande wa bandari. Ile ya Nairobi ina mpagazi pamoja na askari. Ya Dar es Salaam ina askari peke yake.