Eti Wasiwasi ni Ugonjwa wa Wazungu? Hiyo Tuliambiwa na Mzungu

Ukisema Kenya hii kwamba uko na ugonjwa wa wasiwasi, lazima mtu akujibu: "Hayo ni mambo ya wazungu. Shosho zetu hawakuwa na hizo vitu." Nimeisikia nyumbani, kwa matatu, hata kanisani. Watu hudhani ni hekima ya wazee. Wacha niwaonyeshe nani aliiandika kama sayansi.

Mwaka wa 1910 serikali ya kikoloni ilifungua hospitali ya wagonjwa wa akili Nairobi, hiyo leo tunaita Mathari. Mwaka wa 1938 ilikabidhiwa daktari wa serikali, J. C. Carothers, ambaye wakati huo hakuwa mtaalamu wa magonjwa ya akili. Alikaa hapo hadi 1950. Mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Alidai hatutumii vizuri sehemu ya mbele ya ubongo, na kwamba huzuni nzito ni nadra kwetu kwa sababu eti hatubebi jukumu la mtu binafsi. Mwaka wa 1954 serikali ikachapisha ripoti yake kuhusu Mau Mau. Watu wanadai ardhi, yeye anachunguza vichwa vyao.

Sasa angalia hesabu yake. Nani alikuwa anapelekwa Mathari? Waliosumbua watu, waliokamatwa barabarani. Mama aliyekesha macho wazi kwa sababu kodi inadaiwa na bwanake yuko kwa shamba la setla, nani angempeleka? Alibaki nyumbani akilima na moyo ukidunda. Ukihesabu tu walioletwa kwa lango lako, wengine wote utasema hawapo.

Na hata huko kwao, jina lenyewe ni la juzi. Sigmund Freud alianza kutenganisha wasiwasi na uchovu wa neva mwaka wa 1895. Vidonge vya Valium vilianza kuuzwa 1963. Lakini ugonjwa wa wasiwasi wa jumla ulipata nafasi yake kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka wa 1980 tu. Kwanza walisema mwezi mmoja wa wasiwasi unatosha, halafu 1987 wakaongeza hadi miezi sita. Kwa hivyo hata shosho ya mzungu hakuwa na hilo jina. Hali ndiyo ya zamani.

Sisi maneno tulikuwa nayo. Tunasema mtu "ana mawazo mengi." Washona wa Zimbabwe wanaita kufungisisa, kufikiria kupita kiasi. Dkt. Dixon Chibanda alianzia hapo 2006 huko Harare: akafundisha kina nyanya wa mtaa kukaa na watu kwenye benchi, kuwasikiliza na kuwasaidia kutatua shida moja baada ya nyingine. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha inapunguza dalili. Shosho tunaoambiwa hawakujua hizi vitu ndio wanatibu.

Kwa hivyo kama kwa miezi sita umekuwa na wasiwasi karibu kila siku, juu ya kila kitu, na hauwezi kuuzima, huku usingizi umepotea, misuli imekaza, umechoka na unakasirika ovyo, hujalogwa na si uvivu. Tiba iko: mazungumzo na mtaalamu ya kubadilisha mwelekeo wa mawazo, na dawa kama daktari ataona inafaa. Mazoezi husaidia. Punguza kahawa na miraa, zinaongeza kudunda kwa moyo. Na ukienda kliniki, usiseme tu tumbo inauma ama kichwa inagonga, ukapewa dawa ya vidonda vya tumbo urudi nyumbani. Ongeza hii: "Daktari, mawazo hayaniachi." Hiyo sentensi mama yule wa 1940 hakupata wa kumwambia.